Mwisho wa vakanse kubwa Masisi na Walikale: nani atabaki na mtoto mdogo?

Mwezi wa nane ukifika kwenye wiki zake za mwisho, nyumba nyingi za Masisi na Walikale zinahesabu vitu viwili kwa pamoja: mbegu na madaftari. Rantre, yaani siku ya kurudi masomoni, serikali inaiweka mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kwa kawaida siku ya kwanza ya kazi ya wiki ya kwanza. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 4, mwaka 2024 tarehe 2, mwaka 2025 tarehe 1. Ndizo wiki ambazo mvua inarudi kwenye milima ya Masisi na maharagi yanatakiwa kuingia katika udongo. Kalenda ya shule na kalenda ya shamba zinakutana mlangoni mwa nyumba moja, na mara nyingi anayebanwa katikati ni mtoto msichana wa miaka saba, nane ao tisa.

Watu wakizungumzia rantre wanaanza na pesa. Ni kweli, pesa ni shida. Lakini kwa wasichana wadogo kuna swali lingine ambalo halipigiwi kelele kwenye mikutano ya wazazi: kama huyu anaenda ku masomo, nani atabeba mdogo wake wakati mama yuko shambani? Nyumba ambayo haikupata jibu mwezi wa nane, inajibu mwezi wa tisa kwa kumbakisha msichana. Hakuna anayetangaza kwamba mtoto ameacha shule. Inasemwa tu kwamba ataenda wiki ijayo.

Miezi miwili ambayo nyumba inazoea mikono yake

Vakanse kubwa inaanza mwanzoni mwa mwezi wa saba, kiisha shule kutangaza matokeo na kugawa buleteni. Ni kipindi cha kiangazi. Kule Masisi ni wakati ambapo maharagi ya msimu wa pili yamevunwa, yanaanikwa kwenye uwanja, yanapigwa kwa fimbo na kupepetwa, na watoto wote wako ndani ya hiyo kazi. Wengine wanatumwa kwa koko, nyanya yao, kumsaidia na kumchangamsha. Mchana wasichana wanaruka kamba, wanasukana nywele, siku ya posho wanafua nguo mtoni, na siku ya Mungu wanaimba kwenye kwaya ya watoto. Hakuna ubaya katika hayo. Mtoto aliyekaa mwaka mzima kwenye banki akibanwa na wenzake anahitaji kukimbia.

Lakini angalia kazi zinavyoongezeka pole pole. Mwezi wa saba msichana anachota maji na kabido ka lita 5 kwa kumfuata mkubwa wake. Mwezi wa nane anaenda peke yake, mara mbili ao tatu kwa siku. Anamenya viazi, anaokota kuni, anapanga moto kabla mama hajarudi. Na kazi ile kubwa kupita zote: kumfunga mdogo wake mgongoni na kitenge tangu asubuhi. Mwisho wa vakanse, mama amezoea kwenda shambani akiwa mwepesi, na mtoto mdogo amezoea mgongo wa dada yake kiasi kwamba analia akibebwa na mtu mwingine. Kwa kijana wa umri ule ule mambo hayaendi hivi. Yeye anaweza kuchunga mbuzi ao ng'ombe, lakini mbuzi inaweza kufungwa kamba asubuhi. Mtoto wa miezi minane haifungwi kamba.

Masisi: mbegu, siku za kazi na matope

Kwenye milima ya Masisi familia nyingi hazina shamba la kwao. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ni malisho na mashamba ya watu wakubwa, na mkulima mdogo anapata kipande cha kulima kwa kulipa pesa, kutoa sehemu ya mavuno, ao kumfanyia mwenye shamba siku kadhaa za kazi kila wiki. Kwa hiyo mwezi wa tisa mama anadaiwa mara mbili: siku za mwenye ardhi, na siku za kipande chake mwenyewe. Akichelewa kupanda kwa wiki mbili, mavuno ya mwisho wa mwaka yanapungua na nyumba inajua. Ndiyo maana kumlaumu kwamba hapendi masomo ya binti yake si haki. Amefanya hesabu ya chakula.

Hesabu hiyo inaanza kuharibika tangu mwezi wa saba. Maharagi yakiwa mengi sokoni, bei inashuka, na ndio wakati familia inauza ili kulipa madeni. Mwezi wa tisa wanarudi sokoni kununua mbegu wakati bei imepanda. Ile pesa kidogo inayobaki ndiyo inaangaliwa na fundi wa kushona iniforme, muuza kaye, na muuza viatu.

Viatu si jambo dogo huko. Mvua za kwanza zikianguka, njia za milimani kama zile za kuelekea Nyabiondo, Katoyi ao Ngungu zinageuka matope yanayoteleza, na asubuhi ni baridi. Mtoto wa mwaka wa kwanza aliyevaa kambambili anazibeba mkononi nusu ya safari na kuingia darasani na miguu iliyolowa. Wazazi wengine wanapendelea buti za plastiki, hata kama zinacheka macho ya wenzake. Wana haki. Buti moja inapitishwa kwa mdogo wake mwaka unaofuata, tena inadumu kuliko viatu vyeusi vya kuonyesha.

Walikale: umbali

Walikale ni jambo lingine. Teritwari hii ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni pori. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo shamba la mihogo, mpunga, ndizi na karanga halina haraka ile ya mbegu za Masisi. Kinachowasumbua wazazi ni njia. Vijiji vimejipanga kando ya barabara na mito, shule moja inaweza kuhudumia vijiji kadhaa, na daraja la miti likibebwa na maji hakuna anayevuka mpaka watu wafanye salongo kulitengeneza. Kando ya barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu kupitia Hombo, Walikale na Lubutu kuelekea Kisangani, watoto wanatembea pamoja na pikipiki na magari ya mizigo.

Tena baba wengi hawako nyumbani. Wako machimboni, upande wa Bisie na kwingine, na pesa yao inafika kwa mafungu: mwezi huu nyingi, miezi miwili ijayo hakuna. Mama anabaki na shamba, watoto na maamuzi.

Hapo ndipo familia nyingi zinachagua kumpeleka msichana kwa ndugu anayekaa karibu na shule, pale Walikale-santre, Mubi, Ndjingala ao Pinga. Wazo ni zuri. Mara nyingi linafaulu. Lakini kuna nyumba ambamo mtoto wa miaka minane aliyetumwa kusoma anageuka mfanyakazi: anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na anafika shuleni kengele ikiwa imepigwa. Mzazi anayemtuma binti yake kwa shangazi ao kwa mjomba anafanya vizuri kuongea mambo waziwazi kabla ya kuondoka: anachota maji saa ngapi, analala na nani, anaenda shule na nani, na nani atakwenda kumwona mwalimu. Kwa desturi zetu kuuliza maswali kama hayo kwa ndugu kunaonekana kama dharau. Yanaweza kuulizwa kwa heshima, kupitia koko ao mkubwa wa familia, na gunia dogo la chakula likitangulia.

Masomo ya bure, na vile ambavyo si bure

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu chake cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Kwa miaka zaidi ya kumi maneno hayo yalibaki kwenye karatasi, wazazi wakiendelea kulipa minervali na ile pesa ya kuwasaidia walimu. Ni kuanzia rantre ya mwezi wa tisa 2019 ndipo serikali ilianza kuyatumia katika nchi nzima. Madarasa yalijaa mara moja. Shule zinazosimamiwa na makanisa kwa mkataba na serikali, zile za konvansione kama za Wakatoliki ao za CBCA, ziko pia ndani ya mpango huo, kwa sababu ni shule za serikali.

Kwa wasichana badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa. Zamani nyumba yenye watoto wanne na pesa ya wawili ilichagua, na mara nyingi ilichagua vijana. Leo, kwa shule ya msingi, uchaguzi huo hauna tena sababu ya minervali. Sekondari bado inalipiwa.

Kinachobaki mgongoni mwa mzazi ni shati jeupe na sketi ya bluu, kaye, biki, kreyo, mfuko, na sabuni ya kufulia hiyo nguo nyeupe, ambayo watu wanaisahau katika hesabu. Shule nyingi zinaomba pia wasichana wakate nywele fupi, na kwa nyumba yenye mabinti watatu hilo ni punguzo la gharama hata kama watoto wanalia. Iniforme ya friperi inakubaliwa mahali pengi. Dada mkubwa akikua, sketi inashushwa pindo, kisha inapita kwa anayefuata. Direkta mwenye busara hamrudishi mtoto nyumbani kwa sababu sketi imepauka.

Shule ikiomba pesa katika msingi, mzazi anaweza kuuliza ni ya nini, nani aliiamua, na kuomba risiti. Mahali pa kuuliza ni COPA, kamati ya wazazi, na COGES, kamati inayosimamia shule. Lakini ukweli usemwe wote: kuna walimu ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mshahara wa serikali, na wanafundisha darasa la watoto themanini bila kitu. Mzazi anayekataa kulipa na mwalimu anayeomba wanaweza wote wawili kuwa na sababu. Kumwacha msichana nyumbani kwa ajili ya ugomvi huo kunamwadhibu yule ambaye hakuhusika.

Swali la mgongo

Turudi kwa mtoto mdogo mgongoni, maana ndipo rantre ya msichana inakufa ao inapona. Kwenye vijiji, njia ambazo familia zinatumia si nyingi, na hakuna iliyo nyepesi.

Ya kwanza ni akina mama kupokezana. Wanne ao watano wenye watoto wanaonyonya wanakubaliana: leo mmoja anabaki na watoto wote kwenye uwanja wake, wengine wanaenda kulima, kesho zamu inabadilika. Yule aliyebaki anapoteza siku moja ya shamba kwa wiki, lakini binti zao wote wanaenda ku masomo. Inafanya kazi pale ambapo majirani wanaaminiana. Mara nyingi ni wale wale waliozoea kuweka akiba pamoja kwenye MUSO ao likilimba, kwa sababu wameshajuana kwenye mambo ya pesa. Kikundi kama hicho kikigawa akiba yake mwezi wa nane badala ya mwisho wa mwaka, kinamsaidia mama mara mbili.

Ya pili ni zamu za shule. Mashule mengi yaliyojaa yanafundisha kwa makundi mawili, wengine asubuhi, wengine mchana. Kama nyumba ina mabinti wawili, mzazi anaweza kumwomba direkta mapema mmoja awe asubuhi na mwingine mchana. Wanabadilishana mtoto mlangoni. Ubaya wake ni kwamba yule wa mchana anafika darasani amechoka tayari, na anarudi giza likikaribia. Kwa mtoto wa mwaka wa kwanza zamu ya asubuhi ni bora.

Ya tatu ni mama kwenda na mtoto shambani kama mama zetu walivyofanya. Anamlaza kwenye kivuli na analima pole pole. Kipande kinachelewa, ndiyo. Kwa wiki tatu ao nne za kupanda, nyumba nyingi zinaweza kuvumilia kuchelewa huko ikiwa mtu mwingine amechukua maji na kuni.

Na huyo mtu mwingine ni nani? Hapa mazungumzo yanakuwa magumu. Baba na vijana wakubwa wanaweza kuchota maji jioni. Chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba viazi na makaa, inabeba bido sita bila kulalamika. Kinachozuia ni haya tu: mwanaume anayeonekana kwenye kisima anachekwa. Lakini wakati wa ukimbizi, kwenye kambi za pembeni ya Goma, wanaume walipanga mistari ya maji pamoja na wanawake, na hakuna aliyekufa kwa kucheka.

Msichana naye asiachwe bila kazi yoyote. Hakuna mzazi wa huku atakayekubali hilo, wala si lazima. Bido moja kiisha shule, kufagia uwanja, kumshika mdogo wakati mama anapika sombe: hizo ni kazi za mtoto. Tofauti iko kwenye saa. Kazi inayoanza saa tisa mchana inaacha nafasi ya darasa. Ile inayoanza saa kumi na mbili asubuhi inakula darasa lote.

Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza

Sheria inaweka mwanzo wa shule ya msingi kwenye miaka sita. Watoto wengi wanaanza na saba ao nane, wasichana hasa, kwa sababu njia ni ndefu ao kwa sababu walimlea mdogo. Si aibu. Direkta anamwandika.

Kwa mtoto mwenyewe, kitu cha kwanza kinachotisha ni lugha. Nyumbani ameongea Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo, Kikano ao Kikumu. Darasani anakuta Kiswahili, ambacho kinatumika kufundishia madarasa ya mwanzo huku Kifaransa kikiingia pole pole. Wiki za mwisho za vakanse zinatosha kumfundisha maneno machache: jina lake lote, jina la baba na mama, jina la kijiji na la chifu, kuhesabu mpaka kumi, na kuomba ruhusa ya kwenda nje. Hilo la mwisho linaokoa machozi mengi.

Usingizi pia unarudishwa mapema. Madarasa ya asubuhi yanaanza karibu saa moja na nusu, na mtoto anayetembea saa moja anaamka kabla ya jua. Uji ao kiazi cha jana kimoja kabla ya kutoka kinafaa kuliko ahadi ya chakula cha mchana.

Kuhusu majina: jina liandikwe vile vile kila mwaka, na tarehe ya kuzaliwa pia. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaomba kila kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90, lakini watoto wengi wa vijijini hawana cheti. Jina likiwa hivi mwaka wa kwanza na vingine mwaka wa sita, wakati wa ENAFEP, mtihani wa kumaliza msingi, ni safari na pesa kulirekebisha.

Pale vita ilipopita

Watoto wa teritwari hizi mbili hawana mwaka mmoja wa shule ulionyooka kwa muda mrefu. Kitshanga ilichukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2023, Rubaya mwisho wa mwezi wa nne 2024, Masisi-santre mwanzoni mwa 2025, na Walikale-santre tarehe 19 mwezi wa tatu 2025, kabla ya waasi kuondoka hapo mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Mwezi wa pili 2025 UNICEF ilisema shule na vituo vya kusomea zaidi ya 2,500 vimefungwa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na watoto 795,000 wako nje ya masomo. Mwezi huo huo kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo na Lushagala zilitupu, na familia nyingi zilirudi Masisi katikati ya mwaka wa shule, zikikuta mabanki yamechomwa kama kuni ao madarasa yakilaliwa na watu.

Congo ilikubali mwaka 2016 Azimio la Shule Salama, linaloomba wenye silaha wasitumie shule. Kwenye milima wengi hawajalisikia.

Kwa msichana aliyekosa mwaka ao miwili, jambo linalofaa ni kumpeleka kwa direkta hata bila buleteni. Mwalimu anaweza kumpima kwa kusoma na kuhesabu, kisha kumweka darasa linalomfaa. Buleteni ya zamani, hata ikiwa imelowa ao imepasuka nusu, ibebwe. Picha ya buleteni kwenye simu ya ndugu aliye mjini inasaidia pia, na familia zilizokimbia mara nyingi zimejifunza kuipiga picha siku ile ile inapotolewa.

Watoto watembee kwa kikundi, na mkubwa mmoja mbele. Waelezwe, tena na tena, kwamba chuma wasichokijua kando ya njia hakiguswi wala kupigwa jiwe: wanasimama, wanarudi kwa njia waliyopita, na wanaambia mtu mkubwa. Mzazi wa kwanza anayeijua njia hiyo vizuri aipite mwenyewe siku mbili kabla ya rantre.

Na kama wiki ya kwanza imepita, ya pili pia, na msichana bado yuko nyumbani na mtoto mgongoni, mlango haujafungwa. Mashule mengi yanaendelea kuandika majina mwezi wote wa tisa, kwa sababu yanajua kwamba watu wako shambani. Mwezi wa kumi inakuwa ngumu zaidi, maana mwalimu amekwisha kupita herufi za kwanza na mtoto anayeingia anakuta wenzake wanasoma. Mama ambaye hajamaliza kupanda anaweza kumwomba mwalimu ampokee binti hata kwa siku tatu za wiki mpaka mbegu ziishe. Walimu wengi wa huku nao wana mashamba, wataelewa.